Lengelenge la vinia: maneno na namna ya kulitengeneza

vinia nm [i-/zi-] ubao mwembamba mno, unene wake kama wa karatasi ngumu, unaobandikwa juu ya ubao wa bei nafuu ili kuupa sura ya mti wa thamani: vinia ya mninga, vinia za msaji.

lengelenge nm [li-/ya-] 1. uvimbe wa ngozi wenye majimaji ndani, utokanao na moto au msuguano. 2. (useremala) mahali ambapo vinia imebanduka kutoka kwenye ubao wa chini na kututumka, ilhali pembeni bado imeshika.

Maana ya pili ndiyo inayoshughulikiwa hapa. Mafundi huieleza kwa njia nyingi, nyingine nzuri na nyingine za kupoteza, na mfasiri anayepewa mwongozo wa fanicha hulazimika kuchagua moja. Uchaguzi huo si wa mapambo. Vinia ya kisasa ina unene wa nusu milimita hivi, au kuzidi kidogo. Anayesoma agizo lenye kitenzi kisicho chake atakata pasipokatwa au ataunguza pasipounguzwa, na sura ya meza ikishatobolewa hairudi. Mwanafunzi wa useremala, kama yule wa chuo cha VETA cha Chang'ombe, hukutana na vitabu vya Kiingereza na karakana ya Kiswahili katika siku moja. Neno likikosekana baina ya hivyo viwili, hasara huangukia kwenye kabati la mteja.

Neno lenyewe na ngeli yake

Mtu akitoka Viwanja vya Mnazi Mmoja, akavuka Mtaa wa Lumumba na kuingia Kariakoo, amekwisha kupita kwenye njia mbili ambazo Kiswahili hutumia kutaja vitu. Mnazi Mmoja ni jina la jicho: palikuwa na mnazi, nao ulikuwa mmoja. Kariakoo ni jina la sikio: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, lililofinyangwa na midomo ya wenyeji hadi likasahau lilikotoka. Vinia imekuja kwa njia ya Kariakoo, na lengelenge kwa njia ya Mnazi Mmoja. Neno la kwanza limesikika likachukuliwa. La pili limeonekana likalinganishwa na ngozi ya mwili. Njia zote mbili ni halali, na hakuna haja ya kuionea haya mojawapo.

Katika kukopwa huko, mkazo wa vinia umebaki ulipokuwa, juu ya silabi ya -ni-, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili kingeuweka hata kama neno lingekuwa la kwetu tangu mwanzo. Tatizo liko mwanzoni mwa neno. Silabi vi- inafanana na kiambishi cha wingi, na masikio ya Kiswahili hayapuuzi mfanano wa namna hiyo: kipilefti, neno la Kiingereza la barabarani, lilizaa vipilefti bila kuomba ruhusa. Basi wapo wasemao vinia hivi vimebanduka, na kwa mantiki hiyo siku moja tutasikia *kinia. Tunapendekeza ngeli ya i-/zi-: vinia hii imebanduka, vinia hizi zimebanduka.

Mfasiri atenganishe pia vitu vitatu ambavyo dukani huwekwa kapu moja. Vinia ni mti halisi. Fomika ni bamba la plastiki gumu, na jina lake limetokana na chapa ya biashara. Cha tatu ni karatasi yenye picha ya mbao, iliyobandikwa kiwandani juu ya ubao wa MDF au wa chenga za mbao. Kabati nyingi zinazouzwa Kariakoo zikiwa vipandevipande ndani ya maboksi ni za aina hii. Njia za kutengeneza zitakazoelezwa hapa ni za vinia peke yake. Fomika haichanjiki kwa wembe, na karatasi ikipigwa msasa picha huondoka. Namna rahisi ya kutambua ni kuchungulia ukingo na upande wa chini wa meza, kisha kutazama mchoro: mti halisi haurudii mchoro uleule mara tatu katika mlango mmoja.

Vinia nayo haitokani na gogo kwa njia moja. Viwanda vya Mafinga, mkoani Iringa, humenya magogo ya misindano na mikaratusi: gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu, na ubao mwembamba hutoka mfululizo kama ganda la chungwa mkononi mwa mmenyaji stadi. Hiyo huenda zaidi kwenye plaiwudi. Vinia ya sura, ile ya mninga au msaji au mkangazi, aghalabu huchanwa bapa, tabaka baada ya tabaka, ili mchoro wa nyuzi utoke umenyooka au umepangana. Kumenya na kuchana ni vitenzi viwili tofauti, na mwongozo mzuri hauvichanganyi.

Kiputo, povu, uvimbe au lengelenge?

Kiputo ni hewa iliyozungukwa na kimiminika, au utando wa kimiminika uliozunguka hewa. Kiputo huelea, hupaa, hupasuka. Ukimwambia fundi kwamba vinia ina viputo, atafikiri vanishi ilikorogwa kwa pupa na hewa ikaganda ndani yake, jambo ambalo ni kasoro nyingine kabisa na tiba yake ni kupiga msasa na kupaka upya. Hapa ndipo tafsiri inaposababisha madhara: msasa ukipitishwa juu ya lengelenge la vinia, kilele chake hutoboka kabla mkono haujahisi kitu.

Povu ni mkusanyiko wa viputo vidogo juu ya kimiminika, kwa hiyo halifai. Uvimbe ni sahihi lakini ni pana mno. Ubao wa MDF ulionywa maji hupata uvimbe pia, na huo hauna dawa ila kubadilisha ubao. Lengelenge linabeba mambo matatu kwa pamoja: ngozi nyembamba, kuachana kwa ngozi hiyo na kilicho chini yake, na kingo ambazo bado zimeshika. Linabeba hata onyo, kwa kuwa kila mtoto wa Kiswahili ameambiwa asilichokonoe lengelenge.

Mafundi wengine husema ubao umetoa tumbo. Usemi huo ni mzuri, ila uachiwe ubao mzima uliopinda kwa kuinuka katikati. Tumbo la ubao na lengelenge la vinia huonekana kwa namna moja kutoka mbali, na hutibiwa kwa njia tofauti kabisa.

Bandua, ambua, fumua

Kiswahili kina utajiri wa pekee katika kueleza mambo yanayoachana, kwa sababu kinyambuo cha -ua na -oa hugeuza tendo likarudi lilikotoka: funga, fungua, kunja, kunjua, choma, chomoa, ziba, zibua. Bandika na bandua ni jozi ya aina hiyo. Fundi amebandika vinia kwa gundi, maji yameibandua, vinia imebanduka. Sentensi hizo tatu zinataja tendo, kisababishi na hali, na mwanafunzi akizielewa amekwisha kuelewa nusu ya ugonjwa.

Ambua ni jambo la karibu, lakini si lilelile. Huambuliwa gome la mti, ngozi, ganda: kitu huanza kuvutwa kutoka ukingoni na kuachana na mwili wake. Vinia iliyoinuka kwenye kona ya meza imeambuka. Vinia iliyotuna katikati imebanduka. Tofauti hii inafaa kutunzwa, maana iliyoambuka ina mlango tayari wa kupitishia gundi, na iliyobanduka katikati haina. Wanafunzi wa sarufi watafurahi kukumbushwa kuwa ambatisha, kiambatisho, ambisha na hata kiambishi ni maneno ya ukoo huohuo wa kushikamana. Kiambishi ni kitu kilichogandishwa kwenye mzizi, kama vinia juu ya ubao.

Fumuka ni kuachana kwa vitu vilivyofumwa au kushindiliwa pamoja. Ubao wa chenga za mbao ukinywa maji hufumuka. Plaiwudi ya ovyo nayo hufumuka, tabaka moja likaaga jingine. Mteja anaposema, "Fundi, kabati langu limefumuka," na fundi akauliza, "Kwa chini, mama, au kwa juu?" swali hilo lina maana kubwa. Kwa chini maana yake ni maji ya kudekia sakafu, yanayopanda kila asubuhi kwa miaka. Hapo vinia huenda haina kosa lolote, kilichooza ni msingi wake. Kwa juu ni birika la chai, sufuria, au chungu cha maua.

Kwa nini Dar es Salaam

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, hadi ipatane na hewa iliyoizunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, hali isiyo ngeni katika pwani wakati wa masika, ubao hutulia ukiwa na maji ya takriban asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 40, ubao hushuka hadi asilimia 7 au 8. Katika kushuka na kupanda huko, ubao hutanuka na kusinyaa kwa kukatisha nyuzi, na kwa urefu wa nyuzi karibu hautikisiki. Sasa fikiria kabati lililokaa chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa, madirisha yakafunguliwa usiku, upande mmoja ukiangalia jua la magharibi. Vinia hutaka kutanuka. Ubao wa chini hutanuka kwa kipimo kingine. Gundi iko katikati ikivutwa huku na huku. Palipokuwa na gundi haba, au vumbi, au mahali ambapo shinikizo halikufika siku ya kubandika, ndipo lengelenge linapozaliwa.

Hivyo chanzo cha kwanza si maji, bali udhaifu wa siku ya kubandika ambao maji huja kuufichua. Meza mbili zinaweza kumwagiwa chai ileile, moja ikatuna na nyingine isitune.

Kutambua kabla ya kugusa

Zima taa ya dari, washa tochi, uilaze karibu na uso wa meza ili mwanga upite kwa ubavu. Kila mwinuko utajitangaza kwa kivuli chake. Kisha gonga kwa ukucha. Palipo na gundi hulia kwa kina. Palipobanduka hulia kama kibuyu kikavu. Zungushia kalamu ya risasi, kwa wepesi, kwenye mpaka wa sauti hizo mbili. Mara nyingi mpaka huo ni mpana kuliko uvimbe unaoonekana, na ndio wa kufuatwa.

Ikiwa lengelenge limetokana na maji ya majuzi, usifanye kitu bado. Acha mahali pakauke siku kadhaa, katika hewa inayopita, bila kuelekeza jua wala moto. Malengelenge mengine hujilaza yenyewe ubao ukikauka, ingawa hubaki hayajashika. Kubandika juu ya ubao mbichi ni kuifungia gundi nje.

Swali la pili ni la gundi. Samani za zamani, zile za enzi ya gundi ya kuchemsha itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, zina bahati: gundi hiyo hulainika kwa joto na unyevu, kuanzia takriban nyuzijoto 60, na ikipoa hushika tena. Gundi nyeupe ya mbao, inayotumika katika karakana nyingi leo, nayo hulainika kwa joto, japo si kwa utiifu huo. Gundi za kiwandani zinazogandishwa kwa kemikali hazilainiki tena hata uzipigie pasi hadi vinia iwe mkaa. Gundi ya kugusisha, ile ya njano yenye harufu kali inayopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kidogo, hulegea kwa joto, lakini pia ndiyo mzazi wa malengelenge mengi, kwa kuwa huacha hewa ndani ikiwa fundi hakusugua kuanzia katikati kwenda nje.

Tiba ya joto

Hii hujaribiwa kwanza, kwa sababu haiachi kovu. Tandika kitambaa safi cha pamba juu ya lengelenge. Kama vanishi ni ngumu na haina nyufa, kitambaa kinaweza kuwa na unyevu mdogo sana, sivyo kiwe kikavu. Weka pasi ya umeme kwenye joto la nguo za nailoni, na ikishindwa panda hadi la hariri. Ipitishe polepole kwa sekunde 10 au 15, inua, gusa kwa kidole juu ya kitambaa, rudia. Mwenye pasi ya mkaa asikate tamaa, lakini apime kwanza kwa tone la maji: tone likirukaruka juu ya chuma badala ya kutulia na kuchemka, joto limepita mno. Jaribio la kwanza lifanyike mahali pasipoonekana, kwani vanishi za zamani huweza kupata doa jeupe kwa mvuke au kunata kwenye kitambaa.

Vinia ikilegea, weka juu yake kipande cha ubao bapa kilichofunikwa karatasi ya nailoni, kisha uzito, uache mpaka papoe kabisa. Kupoa ndiko kunakoshikisha. Joto hulainisha tu. Mwongozo wenye maneno piga pasi hadi ishike umemdanganya msomaji.

Hapa vitenzi vya nguvu vinahitaji mpangilio. Bonyeza ni tendo la kidole na la muda mfupi: kengele, swichi, tunda sokoni. Gandamiza ni kusukuma kwa uzito kutoka juu, na kuendelea. Bana ni kushika kutoka pande mbili, kama jiriwa inavyofanya. Kaza ni kuongeza nguvu ya kitu kinachobana tayari. Minya ni kusukuma ili kilichomo kitoke. Basi asiyetofautisha ataandika bonyeza kwa saa 24, na msomaji mwenye akili timamu atacheka. Ataandika minya vinia, na msomaji mtiifu ataisukuma gundi yote nje. Sahihi ni: minya gundi iliyozidi itoke, kisha gandamiza kwa uzito au bana kwa jiriwa. Kandamiza hutumika pia kwa maana ya gandamiza, ila siku hizi limezama sana katika habari za watawala na watawaliwa, na katika karakana linaleta harufu ya mkutano wa hadhara.

Tiba ya kuchanja

Joto likishindwa, gundi ya zamani imekufa, imegeuka unga, au haikuwapo. Lazima mpya iingizwe. Kitenzi cha kazi hii ni chanja: kukata juujuu, kwa ncha kali, kwa kusudi la kupitisha kitu. Ndicho kilichotupatia chanjo. Pasua huacha ufa na kata huacha vipande. Chanja huacha mlango.

Chanja kwa wembe mpya au kisu chembamba, kwa kufuata nyuzi, kutoka ukingo mmoja wa lengelenge hadi mwingine. Kukatisha nyuzi ni kosa lisilofichika: jicho huona mara moja mstari unaokwenda kinyume na mchoro wa mti. Kisu kilazwe kidogo badala ya kusimama wima, ili mdomo mmoja wa mkato ulalie mwingine. Kama kuna mstari mweusi wa asili katika mchoro wa mbao, fuata huo. Mninga una mistari ya kutosha kumhifadhi fundi mwenye subira.

Inua mdomo mmoja kwa ncha ya kisu butu, ingiza kipande chembamba cha msasa, uso wake mkali ukitazama chini, ukwangue gundi kuukuu. Puliza vumbi litoke. Hatua hii hurukwa kuliko zote, na malengelenge mengi yanayorudi baada ya mwezi yamerudi kwa sababu yake: gundi mpya ilishika unga wa gundi ya zamani, na unga haukushika kitu.

Gundi nyeupe, iliyolegezwa kwa matone machache ya maji kama ni nzito mno, huingizwa kwa bomba la sindano lenye sindano nene. Bomba la duka la dawa linatosha. Anza kwenye pembe za mbali, rudi nyuma kuelekea mkato, kwanza upande mmoja na baadaye wa pili. Ipe gundi dakika chache ilowe. Kisha sukuma kwa kidole au kwa gololi ya mbao kutoka kingo za lengelenge kwenda kwenye mkato, gundi ya ziada itoke hapo, uifute kwa kitambaa chenye unyevu mara moja; ikikaukia usoni, rangi na vanishi hazitapenya na pataonekana kama doa la mafuta.

Huenda midomo ya mkato ikapandana, kwa kuwa vinia ilitanuka ikiwa imelowa na sasa haitoshi mahali pake. Usiipondeponde. Chanja mara ya pili ukifuata ukingo wa mdomo wa juu, uondoe ukanda mwembamba kama unywele kutoka ule wa chini, midomo ikutane bapa.

Funika kwa nailoni, juu yake ubao bapa, halafu uzito. Katikati ya meza pana jiriwa haifiki. Hapo seremala huchonga mti wenye tumbo kidogo upande wa chini, akaulaza kukatisha meza, akabana ncha zake mbili, na tumbo likagandamiza katikati. Kwenye mlango uliopinda, mfuko wa mchanga mkavu uliopashwa jua hufuata umbo vizuri kuliko ubao wowote. Gundi nyeupe huwa imeshika baada ya saa moja hivi, lakini haijakauka mpaka kesho yake, na wakati wa masika keshokutwa. Kushika na kukauka ni vitu viwili, na lugha imevitenganisha kwa sababu ya kazi.

Kiraka

Vinia ikiwa imevunjika au imeoza, kinachobaki ni kiraka. Neno hili lina sifa mbaya isiyostahili, kwa sababu ya nguo. Katika vinia, kiraka kizuri ni kile ambacho mwenye meza mwenyewe hakioni. Kisiwe cha mraba wala cha duara. Kikatwe umbo la mashua, chenye ncha mbili zinazoelekea nyuzi zinakokwenda, kwa maana mistari inayokatisha nyuzi ndiyo inayomsaliti fundi. Weka kipande kipya juu ya palipoharibika, nyuzi zikilingana, shika kisiteleze, ukate vyote viwili kwa mpito mmoja wa kisu. Kilichokatwa chini huondolewa. Cha juu huingia mahali pake barabara.

Kipande kitoke wapi? Si dukani, ikiwezekana. Mbao za samani hubadilika rangi kwa mwanga wa miaka, na vinia mpya ya mti uleule hujitokeza kama jino la dhahabu. Mabaki ya zamani, au upande wa kabati lilelile unaoelekea ukutani, hutoa kipande kinachokaribiana zaidi, na palipobanduliwa nyuma ya kabati hapana atakayekwenda kupatazama. Kubandua kipande hicho ni tendo la makusudi, kwa pasi na kisu chembamba, na hapa bandua hurudi kuwa kitenzi cha fundi badala ya cha maji.

Mwisho ni msasa, neno ambalo kwanza ni jina la mti: majani yake makavu hukwaruza, nayo yalilainisha mbao za pwani kabla ya karatasi ya dukani kuja na kurithi jina. Tumia wa namba 240, umekunjwa juu ya kipande kidogo cha mbao, kwa kufuata nyuzi, mikono mepesi, ukisimama kila baada ya mipito michache na kulaza tochi tena. Kwa vinia ya nusu milimita, hata huo ni mwingi. Vanishi ipakwe kwa kuanzia juu ya mkato na kufifishwa nje, nyembamba mara tatu badala ya nene mara moja. Nene huacha mwinuko wake wenyewe, na ikikorogwa kwa nguvu itakuwa na viputo, ambavyo hapo ndipo jina lao linapostahili.